Mume wa Kocha wa Muda

Habari kwamba kocha wetu ametuacha ilinikuta kwenye kiti cha kinyozi pale Malaba, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na wa pili bado. Kinyozi alikuwa amenikunja sikio ili apitishe mashine nyuma yake, ndipo jirani yake, fundi wa simu, akachungulia mlangoni na kusema, "Kocha amevuka."

Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Ukivuka, umekwenda Uganda. Watu huvuka asubuhi kununua matoke au kumwona shangazi, na jioni wanarudi. Lakini fundi wa simu alilitamka kwa namna iliyomfanya kinyozi azime mashine.

"Amevuka kurudi ama amevuka kabisa?"

"Kabisa. Timu ya ng'ambo imempatia kazi. Ameonekana darajani na begi, na ule ubao wake wa kuchorea ameubeba kwapani."

Timu yetu si kubwa. Inacheza ligi ya hapa kaunti, na wachezaji wake ni vijana wa bodaboda, wapakiaji wa mizigo, na beki mmoja wa kati ambaye Jumapili ni katekista. Uwanja uko kando ya reli, na treni ya mizigo ikipita refa husimamisha mchezo kwa sababu hakuna anayesikia filimbi. Lakini ni yetu. Mimi ni ajenti wa kupitisha mizigo mpakani, na tangu nihamie Malaba kutoka Bukhayo, baada ya kuoa, sijakosa mechi ya nyumbani ila nikiwa mgonjwa.

Kinyozi hakuiwasha tena mashine. Watu walianza kuingia mmoja mmoja, na kabla sijauliza nitanyolewa lini, kibanda kilikuwa kimejaa. Swali lilikuwa moja: Jumamosi ya wiki ijayo kuna mechi, nani atasimama kwenye mstari?

"Kocha wa muda," alisema fundi wa simu. "Tuweke wa muda kwanza, halafu kamati itafute wa kudumu pole pole."

"Wa muda ni nani?"

Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la kipa wetu wa zamani, mzee wa kazi ya pancha kule barabara ya malori. Huyo kila mtu alimheshimu. Enzi zake aliidakia timu hii mpaka ikaogopwa Busia nzima, na vidole vyake viwili havijanyooka hadi leo. Wengine wakasema nahodha mwenyewe acheze na afundishe. Mmoja akapinga: nahodha akifundisha, nani atamtoa nahodha akicheza vibaya?

Kwenye benchi palikuwa na dereva wa trela, mgeni kabisa, ambaye gari lake lilikuwa limekwama kwenye foleni tangu jana yake. Alikuwa ametoka Mombasa na hakuwa na haraka yoyote. Alisikiliza wee, kisha akauliza, "Kwani nyinyi hapa hamna mwalimu wa michezo?"

Kinyozi akanigusa begani kwa kitana. "Yuko. Anaishi nyumba moja na huyu."

Kibanda kizima kikanigeukia, mimi na nusu kichwa changu.

Ni kweli. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na timu yake ya wasichana ndiyo iliyokuwa imefika mashindano ya kaunti na kurudi na kombe. Yeye mwenyewe alicheza mpira tangu utotoni, akiwa Mteso wa hapa hapa, kwenye malisho ya ng'ombe wa baba yake, akipiga mpira wa makaratasi na kaka zake. Nilipoanza kumchumbia, kaka mmoja alinionya kwamba dada yao akikukaba hupiti. Nilidhani ni mafumbo.

"Mkamuulize mwenyewe," niliwaambia. "Na wewe, malizia hiki kichwa."

Jioni nilimkuta akipiga pasi nguo za shule. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini.

"Wakiniita, nitaenda kuwasikiliza," alisema. "Lakini wewe usiniombee. Sitaki isemwe nimepewa timu kwa sababu mume wangu anapiga kelele kwa kinyozi."

"Siombi."

"Wala usiniharibie."

"Siharibu."

Basi ikawa hivyo. Siku zile zote watu walikuwa wakinisimamisha njiani. Mbadilisha pesa mmoja Mganda, shabiki wetu kuliko Wakenya wengi, alikuwa akinishika mkono na kuniuliza kama Madam, ndivyo wanavyomwita mke wangu, atakubali. Mimi namjibu kwamba sijui, naye anasema, "Kale, ssebo," yaani sawa bwana, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ninajua.

Mkutano wa mashabiki ulifanyika Jumapili baada ya misa, katika darasa la shule iliyo karibu na soko. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Katibu wa timu, ajenti mwenzangu, alisimama mbele ya ubao akatwambia kwamba kamati imekubali majina mawili, kipa wa zamani na Madam, na kwamba wote wawili wamo humu ndani, kwa hiyo tuseme maneno ambayo tunaweza kuyarudia mbele ya mtu.

Alianza mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwenye sauti ambayo refa yeyote wa kaunti hii anaijua. "Mimi nasimama na mzee wetu," alisema. "Madam simkatai. Lakini hawa ni wanaume wazima, wengine wana watoto. Watamsikia?"

"Mimi nina watoto na namsikia mke wangu," alijibu kinyozi.

"Wewe humsikii, unamwogopa."

Darasa likacheka. Kisha akasimama kijana mmoja mwenye skafu ya rangi za timu, uso makini kabisa. "Swali langu ni moja. Mwanamke ataingia vipi kwenye chumba cha kubadilishia nguo?"

Watu walikuwa wakilifikiria jambo hilo kwa uzito wake. Kisha katekista wetu, yule beki wa kati, akainua mkono kwa adabu.

"Chumba gani?" aliuliza. "Sisi tunavalia nyuma ya pikapu."

Hapo hata mama wa omena alijifuta machozi kwa leso. Lakini mjadala haukuisha. Mtu mmoja alitaka kujua "muda" maana yake ni muda gani, kwa sababu choo cha soko kilijengwa cha muda na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanaendesha bodaboda. Mwingine alisema kocha wa muda asiruhusiwe kubadilisha mfumo, alinde tu nyumba mpaka mwenyewe afike. Fundi wa simu akamrukia: nyumba inayovuja utailinda vipi bila kugusa paa? Mbadilisha pesa akauliza kama wale waliovuka mpaka kuja kushangilia wanaruhusiwa kupiga kura. Katibu alifikiri, akasema kura ni ya aliyelowa mvua na timu. Mganda akaketi ameridhika.

Kisha wenyewe wakaombwa waseme. Kipa wa zamani alisimama akiegemea dawati. Hakuwa msemaji. Alisema aliidakia timu hii bila glavu, na kwamba angependa, kabla mwili haujakataa, aiongoze hata kidogo. Alisema tu hivyo akaketi, na niliona kwamba alilitaka jambo lile kwa moyo wote.

Mke wangu alisimama upande wa madirisha. "Mimi sikuomba," alisema. "Lakini mkinipa nitakubali, na nitafundisha jinsi ninavyojua. Mazoezi yataanza saa iliyosemwa. Anayechelewa ataokota mipira. Na muda wangu mimi naujua: ni mpaka shule zifungue muhula wa michezo. Baada ya hapo wasichana wangu wananihitaji."

Mikono ikainuliwa. Ya mzee kwanza, kisha ya Madam. Yake ilikuwa mingi zaidi, si kwa mbali sana, na katibu akampigia makofi kabla hajatangaza, kwa hiyo hatukusikia hesabu. Kipa wa zamani aliinuka, akampa mkono mke wangu, akasema "Hongera, Madam," akatoka. Hakungoja chai.

Njiani kurudi nyumbani, tulipopita reli, mke wangu alinigeukia.

"Sikuona mkono wako," alisema.

"Si uliniambia nisikuombee?"

"Kura si maombi."

"Nilidhani..."

"Ulidhani." Kisha akanishika mkono, na tukaendelea kutembea. Lakini wiki nzima alikuwa akinitambulisha kwa wachezaji kama "mwananchi asiye na upande."

Mazoezi yalianza, na mimi nikaanza kuitwa shemeji na watu nisiowajua. Jioni ya kwanza vijana wa bodaboda walichelewa wakaokota mipira. Jioni ya pili walichelewa wachache. Yeye hakupaza sauti. Alikuwa akisimama katikati ya uwanja na filimbi shingoni, sketi ndefu juu ya suruali ya michezo, akingoja wanyamaze, na walinyamaza, pengine kwa sababu wengi wao waliwahi kukaa mbele ya mwalimu wa namna ile.

Kilichokuwa kikimsumbua ni kipa. Kijana wetu wa golini alikuwa na mikono mizuri na miguu ya kuganda. "Kufunga najua, kukaba najua," mke wangu aliniambia usiku mmoja tukila. "Golini mimi ni mgeni." Nilijua anamfikiria nani. Nikataka kusema niende nikaongee na mzee, lakini akaniwahi: "Wewe ni mwananchi asiye na upande. Nitaenda mwenyewe."

Hakwenda. Hakuhitaji. Kesho yake, tulipofika uwanjani, tulimkuta mzee wa pancha nyuma ya goli, ameketi juu ya tairi kuukuu alilolisukuma kutoka kwenye kazi yake. Alikuwa akimwambia kipa kijana arudi hatua moja. Hakumsalimu mke wangu kwa maneno mengi. Alisema tu, "Madam, huyu anasimama kama anayengoja basi. Niachie." Mke wangu akasema, "Ni wako, mzee." Ndivyo walivyogawana kazi, na sikuwahi kuwasikia wakilizungumzia jambo hilo tena.

Mechi ya kwanza tulicheza ugenini, Busia mjini, tukafungwa. Hakuna namna ya kulipamba. Tulifunga mapema, halafu tukarudi nyuma kama watu walioiba kitu, na wenyeji wakatupiga mawili kipindi cha pili. Kwenye gari la kurudi hakuna aliyeimba.

Jumatatu nilipita kwa kinyozi kwa makusudi. Mazungumzo yalikatika nilipoingia.

"Endeleeni," nilisema. "Hata mimi niliiona."

Walitazamana, kisha wakaendelea, mwanzo kwa adabu, halafu wakasahau kwamba nipo. Kijana wa skafu alisema alijua tangu mwanzo. Fundi wa simu alisema hata kocha aliyevuka alifungwa pale pale Busia, mara si moja, na hakuna aliyemuuliza kama yeye ni mwanamume. Mama wa omena, aliyekuwa amekuja kuchaji simu, alisema winga wa kushoto amechoka, apumzishwe. Kisha wote wakanigeukia pamoja.

"Shemeji, mwambie Madam hiyo ya winga."

"Na ile ya kurudi nyuma."

"Mwambie tuko naye. Lakini mwambie."

Nikawa mtu wa kupeleka malalamiko. Nilikuwa nikiyabeba kutoka kwa kinyozi, kutoka kwenye foleni ya forodha, hata kutoka kanisani, ambako mtu aliniegemea wakati wa kupeana amani akaninong'oneza habari za kona. Nyumbani mke wangu aliweka sheria kwamba hakuna mpira mezani mpaka sahani ziwe tupu. Nilijifunza kula haraka.

Mechi iliyofuata, dhidi ya Matayos, tulitoka sare, na kipa kijana aliokoa mpira ambao mzee wa pancha aliusimulia wiki nzima kana kwamba ameudaka yeye. Winga wa kushoto alikuwa amepumzishwa. Mama wa omena alitembea sokoni kama mjumbe wa kamati ya ufundi.

Lakini mechi ninayoikumbuka zaidi ni ile ya nyumbani, tulipotembelewa na timu ya kwetu Bukhayo. Kaka yangu alikuja na wenzake kwenye lori la miwa, wakiimba tangu barabarani. Akanikuta langoni.

"Mulembe," alinisalimu kikwetu. "Leo unakaa wapi?"

"Na mke wangu."

"Mke wako yuko kwenye mstari. Nauliza wewe unakaa wapi."

Nilikaa naye. Alikuwa amekuja na karanga zilizochomwa na mama yetu, na isitoshe, kukaa na wageni kulinipa nafasi ya kutomsikia kijana wa skafu.

Mchezo ulikuwa mgumu. Hakuna aliyefunga kipindi cha kwanza. Treni ilipita kipindi cha pili, wachezaji wote wakasimama mikono kiunoni wakiitazama, behewa baada ya behewa, na mke wangu akautumia muda ule kumwita nahodha pembeni. Nilimwona akisema neno, nahodha akitikisa kichwa. Akasema tena. Nahodha akaanza kuivua jezi.

Alikuwa anamtoa! Nahodha, mshambuliaji wetu, ambaye watoto wa Malaba huandika namba yake kwa mkaa kwenye fulana zao. Uwanja ulipiga kelele kiasi kwamba treni ikawa si kitu. Nilisikia "Wa muda! Wa muda!" ikigeuzwa kuwa tusi. Kaka yangu aliacha kutafuna.

"Ametukabidhi mechi," alisema kwa furaha, kisha akaniangalia usoni na kunisogezea karanga. "Pole."

Mke wangu hakugeuka. Mzee wa pancha aliinuka kutoka kwenye tairi lake nyuma ya goli. Alichechemea kuuzunguka uwanja wote, watu wakimtazama, akaenda kusimama kando ya mke wangu, mikono nyuma. Alisimama pale tu. Kelele zilipungua, kwanza upande ule, halafu upande wetu.

Aliyeingia alikuwa mpakiaji wa mizigo, mfupi, ambaye hajawahi kuanza mechi. Hakufanya maajabu. Alikimbia tu, akakimbia tena, akiwafuata mabeki wa Bukhayo kama mdai asiyechoka, mpaka mmoja wao, jua likiwa limemchosha, akamrudishia kipa wake mpira mfupi. Mfupi wetu akaufikia kwanza. Ulikuwa mpira wa kusukuma tu, hata hauna sifa, ukavuka mstari polepole, na mimi nikajikuta nimesimama katikati ya watu wa kwetu nikipiga mayowe peke yangu.

"Kaa chini," kaka yangu aliniambia. "Unatuaibisha." Lakini alikuwa akicheka.

Baada ya mechi nilimuuliza mke wangu alimwambia nini nahodha. Alisema nahodha alikuwa ameumia nyama za paja tangu asubuhi, akawa anaficha, na kwamba alimwambia tu: nimeshakuona. Nahodha mwenyewe ndiye aliyembeba mfupi mabegani kuuzunguka uwanja, kwa mguu mmoja na nusu, mpaka Madam akampigia filimbi amshushe.

Kamati ilipata kocha wa kudumu muhula ulipokaribia, kijana mwenye mafunzo, mpole, kutoka upande wa Bungoma. Hapo mjadala ulianza upya kwa kinyozi, safari hii kwa hasira. Kijana wa skafu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alitaka ombi liandikwe, Madam abaki. Nilipeleka habari nyumbani, baada ya sahani kuwa tupu.

"Nilisema mpaka lini?" mke wangu aliuliza.

"Mpaka muhula wa michezo."

"Basi." Kisha akatabasamu. "Lakini wametaka nibaki?"

"Yule wa skafu ametishia kuacha ushabiki."

Alikusanya vyombo, na nilimsikia jikoni akiimba wimbo wa kwao wa Kiteso ambao huuimba akiwa ameridhika.

Jumapili aliyokabidhi timu, walikuja nyumbani kwetu bila kualikwa: kinyozi, fundi wa simu, mama wa omena, mbadilisha pesa aliyevuka na mkungu wa matoke, na mzee wa pancha akiwa amebeba jogoo mwekundu kwapani. Alimkabidhi mke wangu jogoo kwa mikono miwili, jinsi anavyopewa mtu mkubwa, akasema, "Makipa wangu wanakusalimu." Mke wangu alimpokea kwa kupiga goti kidogo. Mimi nilipewa kazi ya kumenya matoke.

Nilikuwa nimeketi mlangoni na kisu na beseni, nikiwasikia sebuleni. Hawakumaliza hata kikombe cha kwanza cha chai. Mama wa omena alikuwa amesikia kwamba kocha mpya anataka kucheza na mabeki watatu. Fundi wa simu alisema haiwezekani. Mzee wa pancha alisema inawezekana, ikiwa katekista ataacha kupanda mbele kama anayekwenda kuchukua sadaka. Sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda tena.

"Madam, wewe unaonaje?" kinyozi aliuliza.

Nilichungulia. Mke wangu alikuwa ameegemea kochi, viatu amevivua, miguu ameikunja chini yake, kikombe mkononi, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyerudi kuwa shabiki.

"Mimi naona," alisema, "huyo kocha hajui kitu. Lakini mpeni muda."